Kashata Zisizo na Samli

Amani, Unguja
19 Novemba 2023

Kwa mkwe wangu Bi. Mwanamwema,

Assalamu alaikum warahmatullah. Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Jecha na watoto wake na wote walioko hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Badria mzima, amerefuka mpaka sare yake ya mwanzo wa mwaka imeshakuwa fupi.

Najua umepita muda mrefu hatujazungumza. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya hitma ya marehemu mwanao Nassra, pale uliponiambia nikuachie Badria umlee wewe, nami nikasema hapana, nikaondoka bila ya kuaga vizuri. Simu sikuweza kukupigia kwa sababu Jecha ameniambia masikio yako sasa hayaipokei sauti ya simu, na ujumbe nikiupeleka kwenye simu yake utasomwa na nyumba nzima. Kwa hivyo barua hii nimempa Mkadam, huyu anayeleta mwani mjini kwa gari lake. Amesema ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Nina haja moja, mama. Skuli yao Badria inafungwa mwezi ujao na kila mtoto ametakiwa alete kitu cha kula na wenzake. Mwaka jana alikaa pembeni na chupa yake ya maji, maana keki ilikuwa na maziwa, biskuti zilikuwa na maziwa, hata halua aliyoileta mwalimu ilipikwa kwa samli. Unajua maziwa yanavyomfanya tangu alipokuwa mchanga, midomo inavimba na pumzi inambana. Nassra alikuwa akimpikia kashata za njugu. Sasa Badria amenambia mwaka huu anataka apeleke yeye kashata, wenzake wale na yeye ale pamoja nao.

Nshajaribu. Mara ya kwanza sukari ilirudi kuwa mchanga mweupe, njugu zimezama ndani yake kama kokoto kwenye saruji. Mara ya pili iliungua, jirani akaja mbio akidhani waya wa umeme umeshika moto. Mama yangu yuko Tabora na kashata hazijui. Mimi friji na viyoyozi ndiyo kazi yangu, mahoteli ya Shangani wananiita kila siku, lakini sufuria ya sukari imenishinda. Nassra alinambia alifundishwa na wewe. Nakuomba na mimi unifundishe.

Wassalam.

Mkweo,
Miraji


Paje
25 Novemba 2023

Kwa baba Badria,

Waalaikumu salaam. Marahaba. Barua nimeipata, Mkadam kanikuta naanika mwani akanipa na mikono yangu ya maji, ndiyo maana nakujibu kwenye karatasi nyengine, ile yako wino umetapakaa. Mimi nipo. Magoti yanauma, lakini bahari haiulizi magoti. Jecha na watu wake hawajambo. Masikio ni kweli yamekwenda, macho bado yapo, na barua naipenda kuliko simu kwa sababu anaisoma mwenye jina lake.

Ulitaka kashata. Njugu zikaange kavu kwa moto mdogo, uzigeuze mpaka zitoe harufu. Zikipoa kidogo zifikiche kwa viganja, uzipepete kwenye ungo maganda yaruke. Ukiwa huna ungo zipulizie nje, usijaze maganda ndani ya nyumba. Kisha ziweke pahala zibaki na uvuguvugu, maana njugu baridi ikiingia kwenye sukari ya moto inaishtua, inaganda kabla hujaichanganya.

Sukari itie maji kidogo tu ya kuirowesha, na ukamulie matone ya ndimu. Hiyo ndimu ndiyo inayoizuia isirudi kuwa mchanga. Ikianza kuchemka, mwiko weka chini. Hapo ndipo ulipokosea, na Nassra alipokuwa mdogo akikosea hapohapo, mikono yake haikuwa ikitulia. Sukari haitaki kukorogwa. Ukiona upande mmoja unaiva mbele, inua sufuria uizungushe. Iwache mpaka iwe rangi ya chai kavu iliyokolea. Tone moja litie kwenye bilauri ya maji baridi, ulitafune. Likinata menoni, bado. Likivunjika kwa mlio, tayari. Hapo mimina njugu, hiliki, chumvi kidogo sana na kijiko cha samli ili zing'are. Changanya upesi, mwaga kwenye sinia, isawazishe kwa mti wa kusukumia chapati na uikate ingali moto. Ukichelewa utavunja kwa nyundo.

Haya, nimekufundisha. Na jengine nitakwambia ingawa hukuniuliza. Mtoto wa kike wa miaka saba ana bibi yake mzima, ana binamu zake, ana uwanja wa kuchezea, na babake anakaa mjini anajifunza mapishi kwa barua. Sisemi zaidi.

Bibi yake Badria,
Mwanamwema


Amani
10 Disemba 2023

Kwa mkwe wangu Bi. Mwanamwema,

Assalamu alaikum. Shikamoo mama. Natumai magoti yamepata nafuu. Nimempa Mkadam dawa ya kuchua, inauma mwanzo lakini inasaidia. Sisi wazima.

Kashata zimekuwa, mama. Nilifanya kila ulilosema. Kuuweka mwiko chini ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, nikasimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosea, naitazama sukari inabadilika rangi peke yake. Badria alikuwa na bilauri yake ya maji anatafuna matone na kunambia bado, bado, mpaka likalia. Tukacheka sote wawili.

Samli sikutia. Najua ukiitazama ni mafuta tu, lakini samli inatoka kwenye maziwa, na daktari alishatuambia maziwa ni maziwa hata yakibadilishwa sura, hata kidogo kama ncha ya kijiko. Nassra alikuwa akipaka sinia mafuta ya nazi. Nami nimefanya hivyo, na zimeng'ara.

Skuli alizibeba mwenyewe. Mwalimu wake amenisimulia kwamba watoto walimuuliza zina nini ndani, akawajibu, "Zina njugu, sukari, ndimu na baba." Walizimaliza zote, na yeye alikula katikati yao.

Nimekuwekea zako kwenye kopo la bati. Uzile kwa chai.

Mkweo,
Miraji


Paje
17 Disemba 2023

Kwa baba Badria,

Waalaikumu salaam. Marahaba. Dawa nimeipaka, imenichoma kama pilipili, lakini jana nimekwenda baharini na kurudi bila ya fimbo. Ahsante.

Kashata nimezila. Sukari umeipatia, ukivunja zinalia. Hilo la samli nimelisikia. Sisi mama zetu walitulea kwa samli, lakini nimelisikia.

Sasa nikuulize. Kashata hizi zimekatwa hanamu, mshazari, kila moja sawa na mwenzake, na hakuna hata moja iliyovunjika pembe. Mwanamme hakati hivi. Marehemu mume wangu alikuwa seremala na msumeno ukimsikiliza, lakini nilipompa kisu cha kashata alinitolea vipande kama vya muhogo. Na kitambaa kilichofunikiwa bati kimepindwa pindo kwa cherehani.

Nani kazikata?

Bibi yake Badria,
Mwanamwema


Amani
22 Disemba 2023

Kwa mkwe wangu Bi. Mwanamwema,

Assalamu alaikum. Shikamoo mama. Natumai u mzima. Badria anakusalimu, amekuwa wa tatu darasani.

Umeuliza na sitakuficha. Kupika nilipika mimi. Aliyekata anaitwa Ummukulthum. Ni mshoni, ana chumba chake cha kushonea nyuma ya nyumba yetu, na ndiye aliyerefusha sare ya Badria. Aliwahi kuolewa akaachwa, hana mtoto. Ni mtu mtaratibu. Nilipotaka kuwarudisha watoto wa jirani waliokuja kuifuata harufu ya sukari, yeye aliwakalisha akawapa vipande vya pembeni vilivyobaki.

Sijamuoa, mama, wala sijamwambia mtu yeyote kwamba nataka kumuoa. Nilitaka uwe wa mwanzo kujua. Nilikuwa natafuta maneno, lakini kashata zimenitangulia.

Najua hata sheria haisemi nikuombe ruhusa. Naiomba hata hivyo. Sitaki kufanya jambo hili kama kwamba Nassra hakuwa na mama. Badria anamzoea, na yeye ameshajifunza kusoma pakiti za biskuti kabla ya kumpa mtoto. Ukinambia neno lolote, hata kama ni zito, nitalipokea.

Nasubiri majibu yako.

Mkweo,
Miraji


Paje
3 Machi 2024

Kwa baba Badria,

Assalamu alaikum. Natumai nyote wazima. Sisi tupo, Jecha aliumwa homa akapona.

Barua yako ya Disemba niliipata siku ileile uliyoipeleka. Usimlaumu Mkadam. Kila alipopita aliniuliza kama kuna barua ya kupeleka mjini, nami nikamwambia bado.

Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Alikuwa mtu mtaratibu pia, watu wote wakimsifu. Nilikuwa nakula mwisho, baada ya paka. Babangu hakujua mpaka anakufa, kwa sababu mbele yake nilikuwa napewa mwanzo. Ndiyo maana kila nikichukua kalamu mkono unakataa.

Ramadhani imekaribia na skuli zitafungwa. Nipe Badria akae nami mpaka karibu na Sikukuu. Simchukui, namuazima. Nataka nimuone anavyokula na anavyolala. Hilo tu kwa sasa.

Bibi yake Badria,
Mwanamwema


Amani
8 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Bi. Mwanamwema,

Assalamu alaikum. Shikamoo mama. Pole kwa homa ya shemegi Jecha.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Pole, mama. Sikuwa nikijua habari za utoto wako, wala Nassra hakuwahi kunambia.

Badria nitamleta mwenyewe Jumapili. Hawezi kulala kwa furaha, ameshafunga mkoba wake. Nakuomba unisamehe nikirudia maneno unayoyajua. Asinywe chai ya maziwa wala uji wa maziwa. Biskuti na mikate ya dukani asile bila ya kuulizia. Samli na siagi pia, mama, kama nilivyokuandikia. Tui la nazi ale atakavyo. Akianza kukohoa na kujikuna midomo usingoje, mpelekeni kituo cha afya hapohapo.

Hilo jengine nitasubiri. Sikuharakishi.

Mkweo,
Miraji


Paje
2 Aprili 2024

Kwa baba Badria,

Assalamu alaikum. Natumai mtoto anaendelea vizuri, ingawa sina wa kunambia.

Ulimchukua Badria kituoni hukunambia neno. Sasa nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukuwepo, na sitaki uisikie kwa Jecha ambaye atanitetea.

Maziwa sikumpa. Nyumba hii haikuingia maziwa tangu alipokuja, hata watoto wa Jecha walikunywa chai kavu na hawakunung'unika. Tulikuwa tunakaa vizuri. Alifunga mpaka adhuhuri kila siku, jioni akinisaidia kuchambua tende. Usiku alilala mkono wake juu ya tumbo langu kama alivyokuwa akilala mamake.

Lakini nilimuona mwembamba. Nilipomuogesha nilizihesabu mbavu zake kwa vidole. Bi. Amne jirani alikuwa kaniletea samli mpya, ya ng'ombe wake mwenyewe, inanukia. Badria akaomba kashata. Basi nikajisemea moyoni kwamba samli ni mafuta, hakuna anayekunywa samli kwa bilauri, na madaktari wa siku hizi wanaogopa kila kitu. Nikatia kijiko kimoja. Nitakwambia na lililo baya zaidi. Nilikuwa nshatunga barua kichwani ya kukuandikia kwamba kala samli na hakudhurika, kwamba unamlea mtoto kwa hofu, na kwamba pahala pake ni hapa.

Alikula kipande kimoja, wakati wa alasiri. Akajikuna mdomo. Akanitazama akaniuliza, "Bibi, umetia maziwa?" Nikamwambia hapana. Alipoanza kukohoa alikuwa bado ananiamini.

Yaliyobaki unayajua. Jecha alitupakia kwenye honda, ile pikipiki yake, mtoto katikati yetu, midomo imevimba hata sura yake imepotea, na kile kifua kinapiga filimbi mgongoni mwa Jecha. Kituoni walimchoma sindano, wakamchoma na nyengine. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye saruji namwambia Mungu anichukue mimi.

Ulipokuja ulikuja na yule mwanamke. Wewe uliingia ndani kwa mtoto, hukumuona alichofanya. Alivua viatu, akaomba ndoo, akayaosha matapishi ya Badria yaliyokuwa kwenye nguo zangu, mimi nimezivaa, nimekaa. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na hakuna aliyekuwa amefungua. Alitoa tende kwenye mkoba wake akanitia mkononi na kunisubiri mpaka nikaila. Hakunilaumu wala hakunituliza. Kisha ndiyo akala yeye.

Nilikuwa namuogopa yeye kwa mjukuu wangu.

Sikuombi tena unipe mtoto. Nimeyafuta maneno hayo.

Bibi yake Badria,
Mwanamwema


Paje
21 Aprili 2024

Kwa baba Badria,

Assalamu alaikum. Sikukuu imepita, Mungu atukubalie funga zetu. Natumai mlikula na mlivaa vizuri.

Mkadam kanambia alikukuta kazini Malindi, juu ya ngazi, na barua yangu ukaipokea ukaitia mfukoni. Sikulaumu kwa kutonijibu. Na mimi nilikuweka ukingoja miezi.

Nauliza kimoja tu. Analala bila ya kukohoa?

Mwanamwema


Amani
12 Mei 2024

Kwa mkwe wangu Bi. Mwanamwema,

Assalamu alaikum. Shikamoo mama.

Badria mzima. Analala bila ya kukohoa, anakula, anakwenda skuli. Kosa langu kukuacha hujui hilo kwa muda wote huu.

Barua yako ya mwanzo wa Aprili niliisoma mara moja tu nikaifungia kabatini. Nilikasirika, mama, na sitasema uongo kwamba hasira imekwisha. Nilikuandikia kuhusu samli, nikakuandikia tena. Kila nikikumbuka kile kifua cha mtoto kinavyolia, nashindwa kushika kalamu. Na kila nikitaka kukuchukia nakumbuka kwamba ni wewe uliyemuwahisha kituoni, daktari alinambia mngechelewa kidogo tusingekuwa tunaandikiana barua hizi.

Ummukulthum nilimpa barua yako aisome. Alipoimaliza akanambia, "Kaandika kila kitu. Angeweza kusema hakujua, na nani angebisha?" Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Ndoa nimemwambia tungoje. Hakuniuliza mpaka lini.

Badria anakuuliza kila siku. Wiki iliyopita aliniuliza kama bibi ametiwa adabu. Nikamwambia hapana. Akasema, kwa nini basi yeye haendi Paje?

Mimi bado siwezi kuja, mama. Nitakuja, lakini bado. Ummukulthum amesema atamleta yeye, Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, walale kwako na warudi baada ya siku moja au mbili, Jumatatu skuli yao imefungwa. Kama huwezi kumpokea yeye nyumbani kwako, niandikie, nitafahamu.

Mkweo,
Miraji


Paje
28 Mei 2024

Mkwe wangu Miraji,

Assalamu alaikum. Natumai kazi zinakwenda na mwili mzima. Watu wako nimewapandisha garini jana, na hivi sasa umeshawaona na wameshakuhadithia. Lakini kila mwenye kuhadithia ana lake, na mimi nina langu.

Kabla hawajafika nilitoa samli yote ndani nikampa Bi. Amne, nikasugua masufuria kwa mchanga na jivu, na miiko nikainunua mipya. Jecha akaniuliza kama kuna harusi.

Ummukulthum alivua viatu mlangoni, akanipa mkono, akanisalimu. Sikumsikia. Wengine nikiwa sijasikia wananipigia kelele kama nipo ng'ambo ya pili ya bahari. Yeye aliinama akanitilia shikamoo yake sikioni.

Badria hakunijia mara moja. Alisimama nyuma ya buibui la mwenzake ananitazama mikono. Nikainyoosha nikamuonesha, haina kitu. Akaitazama, akaigeuza upande wa pili, kisha ndiyo akaniangukia. Nililia mbele ya mgeni, na umri wangu huu.

Siku ya pili akasema tupike kashata. Nikamwambia mimi sipiki tena kashata. Akasema, "Basi wewe kaa, mimi nitatia vitu na mama Ummu atashika sufuria." Akatia kila kitu kwa mkono wake, sukari, maji, ndimu, na kila anachokitia anakitaja kwa sauti ili nisikie. Mimi nikapewa kupepeta njugu.

Mtoto alipotoka kwenda kuwaita binamu zake nilipata nafasi, nikamuuliza yule mwanamke lile lililokuwa linanikaa kooni tangu Disemba. Nilimuuliza anamtaka mwanamme au anamtaka mtoto. Hakukasirika. Alisema, "Siku niliyoingia kwao kupeleka sare nilimkuta baba mtu amemkalisha Badria juu ya meza, sukari imemrukia mtoto kidoleni, na baba anampulizia huku machozi yanamtoka yeye. Niliwataka wote wawili kwa pamoja, bi mkubwa. Sijui kuwatenganisha." Hilo la kidole hukuniandikia. Najua kwa nini hukuniandikia.

Tukala. Watoto wamejaa ukumbini, kelele, na mimi nasikia vumi tu. Mara nikamuona Badria kainama anakohoa. Bakuli la njugu lililokuwa mapajani mwangu sijui lilikwenda wapi. Nilipofika kwake mkono wa Ummukulthum ulikuwa umeshafika, umemshika kidevu, unamfunua mdomo kutazama. Ilikuwa ni kipande kimepita njia siyo. Badria akakitema, akatushangaa, akauliza mbona tumemsimamia. Tukatazamana mimi na Ummukulthum. Alikuwa anatetemeka kama mimi, Miraji. Hasa kama mimi.

Tukarudi tukakaa chini tunaokota njugu zilizomwagika. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akasema alifariki zamani, alipoolewa mara ya kwanza jirani ndiye aliyesimama mahali pa mama akamtoa. Nikamuuliza safari hii atatolewa na nani. Akasema hajui kama kuna safari hii. Nikamwambia ipo, na nikamwambia ni nani. Alichukua ukingo wa kanga akajifunika uso, na mimi nikaendelea kuokota njugu mpaka akamaliza.

Basi peleka posa kwa kaka yake, ambaye kanambia ndiye walii wake, kwa taratibu zote, usifanye haraka ya watu wanaojificha. Siku ikijulikana niletee habari mapema, nina nguo ya kushonesha na mshoni wangu atakuwa na shughuli. Hasira zako zilizobaki njoo nazo, tutazungumza, mimi nitakuwa nakutazama mdomo.

Ila siku ya harusi usinitafute upande wako. Nitakuwa ndani kwa bibi harusi, nimekaa mbele ya mlango. Atakayekuja kupiga hodi ni wewe, na atakayeulizwa una nini na unataka nini ni wewe, na mwenye kuuliza ni mimi. Na masikio yangu unayajua, kwa hivyo ujiandae kujibu zaidi ya mara moja.

Mkweo,
Mwanamwema